Kina

Habari ilifika Langoni kabla ya mtu mwenyewe:
tumewatoa Kupi na Skanda, wote wawili,
tumepewa Kazungu wa Malindi,
futi sita na inchi tisa,
ambaye akipita vichochoro vyetu
hulikinga paji la uso kwa mkono
kwenye kila kizingiti.

Mimi ndiye mshika daftari wa timu.
Naandika vikapu, madhambi, dakika za kila mchezaji,
kwa kalamu mbili, ya buluu na nyekundu.
Usiku ule nilikuja kula viazi tu.

Lakini Famau Lali keshapanda juu ya kreti la soda.
"Wawili wa benchi kwa mmoja wa ubao!
Hii si biashara, huu ni wizi wa halali.
Nani atamrukia Kazungu? Taja jina. Taja!"
Mbwarahaji akataja majina matatu,
moja la marehemu.

"Kupi akiingia ni dakika nne," Famau akaendelea,
"anakosa kapu, anatoka, anakunywa maji yetu."
Watu wakacheka.
Nilitaka kusema ni dakika kumi na moja,
na kwamba katika hizo kumi na moja
Shekuwe hukaa, huinamisha kichwa, huvuta pumzi,
kisha hurudi uwanjani mtu mwingine kabisa.
Imo daftarini, kwa buluu.
Lakini nilikuwa na kiazi mdomoni,
na kiazi kilikuwa cha moto.

Bi Zena hakugeuka, mkono u kwenye karai.
Akautupa ubeti huku mgongo ukitutazama:

*Kisima kisicho kina, hukauka kiangazi,*
*Na shairi bila kina, ni maneno ya upuzi,*
*Timu nayo bila kina, mwishoni haijiwezi,*
*Urefu si kitu, bwana, kama benchi ni viazi.*

Pakawa kimya, mafuta tu yakisema.
Famau, ambaye hata akishindwa
hutafuta kanuni ya kushindiwa,
akahesabu kwa vidole: "Kina, kina, kina!
Neno moja umelirudia mara tatu, Zena.
Hukuwa na jingine?"

"Nilikuwa nayo mawili," akasema.
"Nimeyauza, nikanunua moja refu."

Hapo hata Mbwarahaji alilipa deni lake la juzi.

Ijumaa, baada ya alasiri, mazoezini,
kocha alihesabu vichwa: tisa.
Akahesabu tena,
kama aliyetumaini Kazungu atatimia wawili.
Tisa.
Mpira wa kikapu una watano huku na watano kule,
hili halina fatwa.
Akautazama ukuta, walikoketi wenye maoni.

Famau akavua kandambili.
Miaka arubaini na sita, kaptura ya mwanawe,
na bismillahi iliyosikika hadi langoni.

Kazungu ni mzuri, lazima niseme.
Mipira ya juu aliichukua
kama mtu anayeanua nguo kabla ya mvua,
bila pupa, moja baada ya moja.
Na Famau naye alikuwa mzuri,
kwa dakika mbili na sekunde kumi.
Niliandika.

Ya tatu alishika magoti.
Shekuwe alimpita mara mbili kwa njia ileile,
mara ya pili akamwambia samahani.
Ya nne hakuwa na sauti tena,
yule mwenye kreti, yule wa taja jina;
alinyoosha mkono kuelekea benchi,
akavizungusha vidole viwili,
ile ishara ya kuomba badala.

Benchini palikuwa na kandambili zake,
chupa ya maji iliyobaki robo,
na mimi.

Nikageuka kutazama nyuma yangu,
kama anaitwa mwingine.